Sarafu Iliyofutika Si Takataka

Ukifungua kitabu cha sarafu za kale za Kirumi utakuta nyuso zilizochongwa vizuri: pua iliyonyooka, ndevu zilizosokotwa, taji la majani kichwani, na maandishi yanayosomeka herufi kwa herufi. Sarafu za namna hiyo zipo kweli, na nyingi zimehifadhiwa katika makabati ya makumbusho ya Ulaya na Marekani. Lakini zile zinazotoka ardhini mikononi mwa wachimbaji wa akiolojia, kwa kawaida, hazifanani nazo. Ni vipande vya shaba nyeusi vyenye kutu ya kijani au kahawia, vimelika pembeni, na mara nyingi ukivigeuza pande zote mbili huoni kitu. Katika ujana wangu kazi yangu ilikuwa kukaa mezani na vipande hivyo, kimoja baada ya kingine, na kuviandikia orodha. Naieleza hapa kwa sababu ndiyo iliyonifundisha kupima ushahidi kuliko darasa lolote nililopitia.

Nilikwenda Jordan kusoma akiolojia nikitokea Dar es Salaam, na misimu ya uchimbaji ilinipeleka Jerash, kama kilomita 50 kaskazini mwa Amman. Zamani mji huo uliitwa Gerasa. Wasomaji wa Injili ya Marko wameshakutana na Wagerasi na pia Dekapoli, kundi la miji ya Kigiriki iliyokuwa upande ule. Magofu yake yangali yamesimama: hekalu la Artemi lenye nguzo ndefu, uwanja wa umbo la yai uliozungushiwa nguzo, na lango kubwa alilojengewa Kaizari Hadrian alipozuru mji huo majira ya mwaka 129 kuingia 130 BK. Watalii huja kuyaona hayo. Sisi wa chumba cha sarafu tulikuwa tunaangalia vitu vidogo vilivyodondoka kutoka mikononi mwa watu waliopita kati ya nguzo hizo.

Chumba chenyewe kilikuwa na meza, mizani inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, kifaa cha kupimia kipenyo, lenzi ya kukuzia na taa ya shingo ndefu inayoweza kupindwa. Aliyetusimamia alikuwa mama wa Kijordani, bingwa wa sarafu, ambaye sote tulimwita Daktari. Siku alipoanza kunifundisha aliniwekea mbele daftari lenye safu mbili. “Mwanangu,” aliniambia, “huku andika unachokiona. Huku andika unachokidhani. Usivichanganye hata siku moja.” Kila kitu kingine nilichojifunza katika kazi hiyo kilijengwa juu ya maneno hayo.

Msomaji anahitaji kujua kwanza sarafu hizi ni zipi. Dola ya Kirumi haikuwa na sarafu ya aina moja kila mahali. Dhahabu na sehemu kubwa ya fedha zilisimamiwa na dola yenyewe, lakini katika majimbo ya mashariki mamia ya miji ilipewa ruhusa ya kugonga chenji yake ya shaba. Upande mmoja uliwekwa kichwa cha kaizari, na upande wa pili mji ukaweka kile ulichojivunia: mungu wake, hekalu lake, mto wake, shujaa wake. Maandishi kwa kawaida yalikuwa ya Kigiriki. Utaratibu huo ulidumu tangu siku za Kaizari Augustus hadi karne ya 3 BK, na kabla karne hiyo haijaisha takriban miji yote ilikuwa imeacha.

Shaba haikusafiri mbali kama dhahabu. Chenji ya mji ilitumika mjini na kwa majirani, sokoni, bafuni na kwa muuza mkate. Kwa hiyo anayekaa na sarafu za Jerash anatakiwa kuwajua majirani wa Gerasa. Filadelfia, ambayo leo ni Amman, iliweka Herakle na gari lililobeba sanamu zake takatifu. Gadara iliweka jahazi la vita la makasia. Petra ilimweka Tike, mungu wa kike wa bahati ya mji, ameketi juu ya mwamba. Gerasa yenyewe ilimweka Artemi na kumwita ndiye Tike wa Wagerasi. Kabla ya hao kulikuwa na sarafu za wafalme wa Wanabatea, hasa Areta wa Nne aliyetawala kuanzia mwaka 9 KK hadi mwaka 40 BK, yule yule anayetajwa na Mtume Paulo katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho kuhusu kutoroka kwake Dameski. Sarafu zake za shaba ziligongwa kwa wingi sana, na nyuma zina pembe mbili za neema zilizopishana. Hata zikifutika vipi, ule mpishano hubaki kama mkato hafifu katikati.

Sasa nikuonyeshe kazi inavyokwenda. Chukua sarafu moja iliyotoka kwenye kifusi cha duka kando ya barabara kuu ya Jerash. Kipenyo chake ni milimita 22, uzito gramu 8.4. Juani ni bapa tupu. Unaishika kwa ncha za vidole pembeni, unazima taa ya dari, unalaza taa ya meza mpaka mwanga upite juu ya uso wa shaba ukitokea ubavuni, halafu unaizungusha sarafu polepole. Vivuli vinaanza kujikusanya. Upande wa kichwa unatokea mstari wa taya, mnene kuanzia sikioni hadi kidevuni, mnene kuliko nyama ya shavu: hizo ni ndevu. Shingo ni pana. Jina limekwisha kabisa. Unageuza. Nyuma kuna kiwiliwili cha mtu, nywele zimefungwa kisogoni, na juu ya bega kuna kijiti kifupi kilichoinama. Ukizungusha tena kidogo, kile kijiti kinakuwa na mdomo mpana juu. Ni podo la mishale. Pembeni, mahali ambapo ukingo ulikingwa na kutu, zimesalia herufi tatu za Kigiriki: ΤΥΧ.

Katika safu ya kwanza ya daftari niliandika: kichwa cha mwanamume mwenye ndevu, kinatazama kulia; nyuma, mwanamke mwenye podo begani, herufi ΤΥΧ. Katika safu ya pili: Gerasa, Artemi kama Tike, karne ya 2 BK. Hapo ndipo kishawishi kikubwa kilipo. Hadrian alikuwa kaizari wa kwanza kufuga ndevu kamili na kuzionyesha kwenye sarafu, alifika katika mji huu, na lango lake linaonekana ukitazama upande wa kusini. Kila mtu angependa sarafu hiyo iwe yake. Lakini ndevu alikuwa nazo Marcus Aurelius, alikuwa nazo Lucius Verus, na Commodus alipokua alikuwa nazo, na makaizari hao wote wako kwenye sarafu za Gerasa. Taya peke yake halichagui kati yao. Tuliandika “Hadrian hadi Commodus”, tukaishia hapo.

Kwa nini tusikisie? Kwa sababu orodha ya sarafu haisomwi na mtu wa sarafu peke yake. Anayechimba duka lile ataichukua tarehe yetu na kuiweka kwenye sakafu yake, atakayeandika historia ya barabara ataichukua tarehe ya sakafu, na mwenye kuandika historia ya mji atakusanya yote. Kisio moja la chumbani kwetu likishavaa joho la uhakika hupita vitabu vitatu bila kuulizwa, na wa mwisho kulitumia hajui kwamba lilianzia kwenye hamu ya mtu mmoja.

Hii haina maana kwamba mtaalamu akae kimya mpaka aione kila herufi. Uzoefu una nguvu zake. Aliyeshika sarafu nyingi za Antiokia huzitambua kabla hajazisoma, kama unavyomtambua jirani gizani kwa mwendo wake. Antiokia ilikuwa mji mkuu wa jimbo la Siria, na chenji yake ilienea kuliko ya miji midogo. Sarafu zake nyingi zina herufi mbili kubwa za Kilatini nyuma, S na C, kifupi cha maneno ya azimio la Seneti, zimezungukwa na taji la majani. Kwa kuwa herufi hizo ni kubwa na nene, zinadumu wakati uso wa kaizari umeshakwisha. Kwa hiyo “Antiokia” tunaiandika bila wasiwasi. Lakini aina hiyo ilianza siku za Augustus na ikaendelea, kwa vipindi, zaidi ya miaka 200. Ukiona juu ya S na C herufi mbili za Kigiriki, Δ na Ε, na chini yake tai mdogo, umekaribia siku za Elagabalus aliyetawala mwaka 218 hadi 222. Usipoviona, mji unao, wakati huna. Mwenye kazi aridhike na nusu aliyopewa.

Jambo lililonishangaza zaidi ni alama zilizogongwa baadaye. Jeshi, au mji, uliweza kuchukua sarafu iliyokwisha kutumika na kuipiga muhuri mdogo juu yake ili iendelee kukubalika. Legioni ya 10 Fretensis, iliyobaki kulinda Jerusalem baada ya mji huo kuangushwa mwaka 70 BK, iliweka mihuri ya nguruwe mwitu, jahazi, na herufi za jina lake. Muhuri wa aina hiyo huzama ndani ya shaba, kwa hiyo vidole na mifuko haviufikii kwa urahisi, nao hubaki wazi wakati kila kitu kilichouzunguka kimelainika. Zipo sarafu ambazo kitu pekee kinachosomeka ni muhuri huo, na ukiuangalia kwa lenzi unaona kwamba ulipigwa juu ya shaba iliyokuwa tayari tupu. Maana yake ni kwamba askari waliopokea ile chenji waliipokea ikiwa haina uso. Haikuwasumbua. Ilikuwa na uzito, ilikuwa na muhuri, ikanunua mkate.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kufutika kwenyewe ni habari. Miji haikugonga shaba kila mwaka. Iligonga ilipohitaji au ilipokuwa na sherehe, halafu pengine miaka mingi ikapita bila sarafu mpya. Chenji iliyopo ikaendelea kuzunguka, baba akaipokea, mwana akaipokea, mjukuu akaipokea. Kwa sababu hiyo sarafu inaweza kumwambia mchimbaji jambo moja tu kwa uhakika: sakafu iliyoifunika haikuwekwa kabla sarafu hiyo haijagongwa. Imewekwa muda gani baadaye, sarafu peke yake haisemi. Shaba ya karne ya 2 inaweza kukutwa chini ya sakafu ya karne ya 4 bila mtu yeyote kuvuruga udongo.

Ndiyo maana ni lazima kutenganisha kulika na kutu. Kulika ni kazi ya watu: vidole, mikoba, meza za maduka. Kutu ni kazi ya ardhi: unyevu, chumvi, majivu. Ukiwa mvivu utaandika “imeharibika” ukafunga. Wenzetu wa Uswisi, katika orodha yao ya sarafu zilizofukuliwa nchini mwao, wameweka vipimo viwili tofauti, herufi A ya kulika na herufi K ya kutu, kila kimoja hatua 1 hadi 5, na kila upande wa sarafu unapimwa peke yake. Sarafu iliyogongwa jana yake na kudondoka inaweza kuwa na kutu mbaya na kulika kidogo. Nyingine inaweza kuwa safi kabisa na bapa kabisa. Ya kwanza inakaribia tarehe ya tabaka ilimotoka. Ya pili imetoka mbali kiwakati. Kwa jicho la haraka zote mbili ni takataka, kumbe zinasema mambo mawili yanayopingana.

Vipimo vingine ni vya kawaida lakini haviruhusu uzembe: uzito, kipenyo, na mwelekeo wa pande mbili. Unaishika sarafu kichwa kikiwa wima, unaizungusha kwa mhimili wake. Picha ya nyuma ikiwa wima pia, unaandika 12. Ikiwa imesimama kichwa chini, unaandika 6. Baadhi ya viwanda vilishika mwelekeo mmoja kwa uangalifu, vingine havikujali, kwa hiyo hata namba hiyo husaidia kuipa nyumba sarafu isiyo na jina. Na juu ya vyote ni namba ya tabaka ilikotoka, inayoandikwa kwenye kibahasha kabla sarafu haijahama kutoka shimoni. Sarafu nzuri isiyo na namba hiyo ina thamani ndogo kwetu kuliko bapa tupu iliyo nayo.

Kuhusu kusafisha, Daktari hakuwa na mjadala. Picha unayoitafuta mara nyingi haimo ndani ya shaba. Imo kwenye ngozi ya kutu iliyotulia juu yake. Ukiitia tindikali au kuisugua kwa brashi ya waya, unaiondoa ngozi pamoja na picha, na chini yake unakuta shaba yenye vishimo isiyokuwa na chochote. Tulitoa udongo kwa kijiti cha mbao na brashi laini, chini ya lenzi, tukakoma mapema kuliko tulivyotamani. Sarafu zilizotoka unga wa kijani mpauko tulizitenga kwenye sanduku kavu lenye jeli ya silika, maana unga huo ni dalili ya ugonjwa wa shaba: kloridi zilizojificha ndani hukutana na unyevu wa hewa na kuendelea kuila sarafu hata ikiwa ndani ya kabati.

Baada ya kuandika unachokiona, ndipo unapofungua vitabu. Usione vyaelea, vimeundwa. Alfred Bellinger alichapisha mwaka 1938 orodha ya sarafu za machimbo ya Jerash ya 1928 hadi 1934. Mtawa Mfransisko Augustus Spijkerman alikusanya sarafu za Dekapoli na jimbo la Arabia katika kitabu kilichochapishwa Jerusalem mwaka 1978. Mwaka 1992 Andrew Burnett, Michel Amandry na Pere Pau Ripollès walitoa juzuu ya kwanza ya mradi mkubwa wa sarafu za majimbo ya Kirumi, ambao leo unatafutwa bure kwenye tovuti ya Chuo Kikuu cha Oxford. Vitabu hivi ni neema, lakini vina hatari yake. Anayeanza na kitabu huona kwenye shaba kile alichokiona kwenye karatasi. Mpangilio wa Daktari ulikuwa: taa kwanza, daftari pili, kitabu mwisho.

Kila orodha nzuri niliyowahi kuitumia ina kurasa za mwisho zenye sarafu zisizotambulika. Pale kuna uzito, kipenyo, tabaka, na kimya. Nimekuja kuziheshimu kurasa hizo. Kuziandika kunachukua muda ule ule kama za sarafu zilizotambulika, hakuna sifa ndani yake, na wapo wenye kuziacha. Lakini anayehesabu chenji iliyodondoka katika soko la karne fulani anazihitaji zote, zenye majina na zisizo na majina. Ukiziacha, soko linaonekana lilikuwa na fedha chache kuliko ilivyokuwa, na zile zilizotumiwa sana kuliko zote ndizo zinazotoweka kwenye historia.

Nimerudi pwani yetu nikiwa na jicho hilo, na ninaliona jambo lile lile. Masultani wa Kilwa waligonga sarafu zao za shaba. Miongoni mwao ni Ali bin al-Hasan na al-Hasan bin Sulaiman. Sarafu hizo zina majina, lakini hazina mwaka. Kujua ziligongwa lini na zilitumika mpaka lini kunategemea tabaka zilimotoka, jinsi zilivyolika, na zilikutwa pamoja na nini. Moja ya al-Hasan bin Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, na nyingine za Kilwa ziliokotwa visiwani kaskazini mwa Australia mwaka 1944. Ile ya Zimbabwe inajulikana ilipokutwa, nayo inatueleza biashara ya dhahabu. Zile za Australia ziliokotwa mchangani bila tabaka, na mpaka leo wataalamu wanabishana zilifikaje.

Kwa hiyo nina ombi kwa msomaji wa pwani, mvuvi, mkulima, mwalimu na mwanafunzi. Ukiona kipande cha shaba cha mviringo ufukweni au shambani, hata kikiwa kimefutika kiasi gani, usikisugue kwa mchanga wala limau ili king’ae, na usimuuzie mpita njia. Kipige picha kingali pale pale, andika mahali na siku, kihifadhi kikavu, upeleke taarifa kwa Idara ya Mambo ya Kale kwa walio Tanzania, au Makumbusho ya Taifa kwa walio Kenya. Wewe andika ulichokiona na ulipokiona. Mengine yanaweza kutafutwa baadaye, lakini mahali kilipokuwa kimelala kikishasahaulika hakuna mtaalamu wala mashine itakayoparudisha.